Mbegu ya Kienyeji ya Bangi Katika Milima ya Rif: Je, Sheria Yaruhusu Kuihifadhi?

 

Mwaka 2021 Moroko, nchi inayofuata madhehebu ya Imamu Malik na ambayo mfalme wake huitwa Amirul-Muuminina, ilipitisha sheria namba 13-21 inayoruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa, vipodozi na viwanda katika majimbo matatu ya milima ya Rif: Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate. Kuivuta kwa starehe kumebaki kuwa kosa kama zamani. Tangu hapo limezuka suali ambalo vitabu vyetu vya fiqhi havikuliuliza kwa sura hii. Wakulima wa Rif wanayo mbegu ya kienyeji waliyorithi kwa mababu, mbegu hiyo inapotea, na wapo wanaotaka iokolewe. Je, yajuzu kwa Muislamu kushiriki katika kuiokoa, au kuiacha ife ndiyo uchamungu?

Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kwa sababu majibu mawili ya haraka yamekuwa yakizunguka. La kwanza husema: bangi ni haramu, basi na mbegu yake ni haramu, na mazungumzo yamekwisha. La pili husema: huu ni mmea tu alioumba Allah, basi hauna neno. Jibu la kwanza linachanganya hukumu ya kitu na hukumu ya kitendo. La pili linasahau kuuliza mmea huu umekuwa ukilimwa kwa ajili gani.

MMEA MMOJA, MATUMIZI MENGI

Waarabu waliuita mmea huu qinnab, na mbegu yake wakaiita shahdanaj, neno lililotoka katika Kiajemi. Neno letu "bangi" nalo limekuja kwa njia ya Bahari ya Hindi, kutoka katika lugha za Bara Hindi na Uajemi. Msomaji asichanganye qinnab na katani tuijuayo mashambani kwetu, maana hiyo ni mkonge, mmea mwingine kabisa, ingawa kamba zake zinafanana.

Kabla watu hawajausikia kwa ulevi, Waislamu waliujua mmea huu kwa kamba, kwa nguo nzito, kwa mafuta ya mbegu na kwa karatasi. Kitabu cha Umdat al-Kuttab, kinachonasibishwa na Al-Mu'izz bin Badis, mtawala wa Ifriqiya aliyefariki mwaka 1062, kina maelezo ya namna ya kutengeneza karatasi kwa nyuzi za qinnab. Tuzingatie hapo: katika Maghrib ile ile ambayo leo inasifika kwa hashishi, mmea huu ulipata kuwa malighafi ya karatasi. Na matabibu wa Kiislamu waliitaja mbegu yake katika vitabu vya dawa, hasa mafuta yake kwa maumivu ya masikio.

Ulevi wake uko wapi basi? Uko katika utomvu unaotoka kwenye vitezi vidogo vya maua ya mmea jike. Ndani ya utomvu huo mna kemikali iitwayo THC, na hiyo ndiyo inayovuruga akili. Mbegu yenyewe haina THC ya kutajika. Kiasi cha kemikali hiyo hutofautiana sana baina ya aina na aina: qinnab inayolimwa Ulaya kwa ajili ya nyuzi haitakiwi kuzidi asilimia 0.3, ilhali machotara ya siku hizi hufika asilimia kumi na hata ishirini na zaidi. Kwa hiyo anayesema "bangi" bila kubainisha ni kama asemaye "zabibu", hujui kama anakusudia tunda, siki au pombe.

WANAZUONI WALIPOKUTANA NA HASHISHI

Kula majani ya qinnab kwa ajili ya ulevi kulienea katika nchi za Waislamu kuelekea mwisho wa karne ya 6 Hijria na mwanzo wa karne ya 7. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri, amenakili kisa mashuhuri kinachomnasibisha Sheikh Haydar wa Khurasan, aliyefariki mwaka 618 (1221), na ugunduzi wa matumizi hayo miongoni mwa mafakiri wake. Kisa hicho kina harufu ya ngano, nasi hatukitegemei sana. Lililo thabiti zaidi ni ushahidi wa Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea kutoka Malaga aliyefariki Damascus mwaka 646 (1248). Yeye aliandika kwamba qinnab ya Kihindi ilikuwa ikipandwa katika bustani za Misri na kuitwa hashishi, na kwamba aliwaona mafakiri wakiitengeneza na kuila. Huyo hakusimuliwa, alishuhudia kwa macho yake.

Kwa kuwa maimamu wanne walikuwa wamekwisha kufariki zamani, hakuna kauli yao juu ya hashishi. Waliokuja baadaye wakalazimika kukisia. Wote walisimama juu ya misingi miwili: hukumu ya Mtume (s.a.w.), iliyopokewa na Muslim, kwamba kila chenye kulevya huhesabiwa kuwa khamr, na khamr yote ni haramu, na riwaya ya Ummu Salama (r.a.) kwa Abu Dawud na Ahmad, inayokataza kila kileweshacho na kila kilegezacho mwili. Juu ya uharamu wa kuitumia ili kuvuruga akili hawakukhitalifiana. Khitilafu ilikuwa juu ya namna ya uharamu huo, na khitilafu hiyo ndiyo itakayotusaidia mbele.

Imamu An-Nawawi (amefariki 676/1277) katika Al-Majmu' aliiweka hashishi pamoja na banj: ni haramu kama khamr, lakini adhabu yake ni taazir, si hadd. Sheikhul-Islam Ibn Taymiyya (728/1328) alikuwa mkali zaidi. Kwake yeye hashishi ni kilevi kamili, watu huitamani kama mlevi anavyotamani mvinyo, kwa hiyo mtumiaji apigwe hadd ya mlevi, na rai sahihi kwake ni kwamba ni najisi.

Al-Qarafi (684/1285), mwanachuoni wa Kimaliki aliyeishi Misri na ambaye asili yake ilikuwa katika kabila la Sanhaja la Maghrib, alikwenda njia nyingine. Katika Al-Furuq aliyagawa yale yanayogusa akili katika mafungu matatu: kinacholevya kwa kuleta furaha na ujasiri, kinacholaza hisia, na kinachoharibu akili bila ya furaha ile. Aliwatazama walaji wa hashishi wa zama zake, akawaona wamenyamaza na kulegea, hawapigani wala hawapayuki kama walevi wa mvinyo. Akahukumu kuwa hashishi ni katika fungu la tatu. Matokeo yake ni mazito: kuila kwa kuvuruga akili ni haramu na kuna taazir, lakini hakuna hadd, na kitu chenyewe si najisi. Aliyesali huku anacho mfukoni, sala yake haibatiliki kwa sababu hiyo.

Tusidhani kwamba Al-Qarafi alikuwa anailegeza. Alikuwa anatenganisha. Az-Zarkashi (794/1392), Mshafii aliyetunga risala nzima ya kuharamisha hashishi iitwayo Zahr al-Arish, naye alitenganisha: baada ya kuharamisha matumizi yake aliijadili hukumu ya kuiuza, na akazingatia kuwa inaingia katika dawa kama inavyoingia afyuni. Ibn Abidin wa Kihanafi (1252/1836) akafuata mwendo huo huo katika banj na mfano wake, kwamba kidogo chake kwa tiba si sawa na kukitumia kwa ulevi.

Watawala nao hawakungoja fatwa zikubaliane. Al-Maqrizi anasimulia kwamba mwaka 780 (1378) Amiri Sudun ash-Shaykhuni alivamia mashamba na vijiwe vya hashishi katika viunga vya Cairo, akaing'oa na kuiteketeza, na waliokamatwa wakiila aliwang'oa magego. Haikupita hata miaka arubaini, Al-Maqrizi huyo huyo anasikitika kwamba inaliwa hadharani bila haya. Magego yaling'olewa, mizizi ikabaki.

RIF: KUTOKA KIF HADI HASHISHI

Sasa twende kwenye milima yenyewe. Rif ni safu inayopakana na bahari ya Mediterania, kaskazini mwa Moroko. Ardhi ni ya miteremko, udongo mwembamba, shamba la mtu halizidi vipande vichache. Katika eneo la Ketama na majirani zake, watu wa Sanhaja Srair, bangi imelimwa kwa karne kadhaa. Mwishoni mwa karne ya 19 Sultani Hassan wa Kwanza aliruhusu vijiji vitano tu vya huko kuilima. Mazao yake hayakuwa hashishi. Ilikuwa kif: mmea uliokaushwa, ukakatwakatwa na kuchanganywa na tumbaku nyeusi, ukavutwa kwa kiko kirefu chembamba kiitwacho sebsi.

Wakati Abdul-Karim al-Khattabi alipousimamisha utawala wake wa Rif dhidi ya Wahispania katika miaka ya 1920, aliipiga marufuku kif kwa sababu ya dini. Hilo lataka kukumbukwa na wale wanaosema kwamba Warif hawajawahi kuiona kuwa haramu. Utawala wake ulipovunjwa mwaka 1926 kilimo kikarejea. Wafaransa katika sehemu yao waliiacha kampuni ya tumbaku na kif ifanye biashara hiyo kwa miaka mingi, kisha wakaipiga marufuku kabisa mwaka 1954. Baada ya uhuru wa 1956 marufuku ikaenea nchi nzima, ingawa vile vijiji vitano viliendelea kufumbiwa macho.

Hashishi, yaani utomvu uliochekechwa na kugandishwa, ilianza kutengenezwa Moroko katika miaka ya 1960 tu, kwa ajili ya wavutaji wa Ulaya. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Uchunguzi wa shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia madawa ya kulevya, uliofanywa pamoja na serikali ya Moroko, uliona hekta 134,000 za bangi mwaka 2003, na kiasi cha familia 96,600 zikiishi kwa zao hilo. Mwaka 2005 eneo lilikuwa limeshuka hadi hekta 72,500 kwa msako wa serikali. Wakulima wengi waliishi mafichoni kwa kukimbia hati za kukamatwa; mnamo Agosti 2024 Mfalme Muhammad wa Sita aliwasamehe watu 4,831 waliohukumiwa au kushitakiwa au kutafutwa kwa kesi za kilimo hicho. Yule aliyekula faida kubwa hakuwa mkulima. Alikuwa msafirishaji.

BELDIYA NA RUMIYA

Warif huiita mbegu yao beldiya, yaani ya kienyeji, kama sisi tusemavyo kuku wa kienyeji. Mbegu ya kutoka nje huitwa rumiya, ya Warumi, ambayo sisi tungeiita ya kizungu. Beldiya hupandwa Februari au Machi kwa kutegemea mvua za masika ya huko, na huvunwa kuanzia Juni na Julai kabla jua halijaunguza kila kitu. Ni mfupi, hupandwa kwa kubanana, na huvumilia ukame. Utomvu wake si mwingi.

Kuanzia miaka ya 2000 wauzaji walileta machotara kutoka Ulaya, maarufu zaidi ikiwa khardala. Mmea mmoja wa khardala ni mkubwa na una utomvu mwingi na mkali zaidi, lakini unataka maji ya kumwagiliwa majira yote ya kiangazi. Watu wakachimba visima, wakaweka pampu, chemchemi za vijiji zikakauka. Haya yalitokea kabla Moroko haijaingia katika ukame wa miaka sita mfululizo uliofika hadi 2024. Mkulima aliyekuwa akiweka mbegu yake mwenyewe kwa msimu ujao sasa anainunua kila mwaka, kwani mbegu ya chotara haizai watoto wanaofanana na mama yao.

Namna mbegu ya kienyeji inavyopotea ni ya kusikitisha kwa wepesi wake. Mmea huu una dume na jike katika miti mbalimbali, na chavua ya dume hubebwa na upepo kwa kilomita nyingi. Jirani akipanda chotara na kuacha madume yachanue, mbegu atakayovuna mwenzake wa beldiya mwaka huo imekwisha kuchanganyika, wala hataiona tofauti mpaka misimu miwili mitatu baadaye. Hakuna ukuta unaozuia upepo.

Ndiyo maana kuihifadhi si kuweka kiganja cha mbegu katika chupa. Mbegu ya kienyeji si mti mmoja mzuri, ni jamii ya miti isiyofanana: mmoja unavumilia baridi, mwingine ukame, mwingine unawahi kukomaa. Anayetaka kuitunza hupanda mamia ya miti, madume kwa majike, mahali palipotengwa mbali na mashamba mengine, na huchukua mbegu kwa mingi, si kwa ule mmoja uliomvutia. Kisha hukausha, hufunga pasipoingia unyevu, na kuweka penye baridi na giza. Katika joto la kawaida la nyumbani mbegu hupoteza uhai kwa miaka michache, kwa hiyo hata iliyo ghalani lazima irudishwe shambani mara kwa mara. Kwa ufupi, hakuna kuhifadhi bila kulima. Na hapo ndipo fiqhi inapoingia, kwa sababu lau ingekuwa ni kuweka mbegu kavu tu, mjadala ungekuwa mwepesi.

KANUNI YA MZABIBU

Tumrudie Al-Qarafi. Katika kitabu chake hicho hicho cha Al-Furuq, mahali pengine kabisa, anapozungumzia kuziba njia za haramu (saddu adh-dharai'), anasema njia hizo ni mafungu matatu. Fungu la kwanza umma umekubaliana lizibwe, kama kuchimba kisima katika njia ya watu au kutia sumu katika chakula chao. Fungu la pili umma umekubaliana lisizibwe, na mfano wake ni kupanda mizabibu: hakuna mwanachuoni aliyesema ilimwe marufuku kwa kuogopa kuwa zabibu zitafanywa mvinyo. Fungu la tatu ndilo lenye khitilafu, na humo Wamaliki huziba zaidi kuliko wengine.

Ndugu zetu wanaotetea uhifadhi wa mbegu ya Rif huishika kanuni hii ya mzabibu kwa mikono miwili. Wanasema: mzabibu una zabibu na siki, na bangi ina dawa, nyuzi, mafuta na karatasi, kama ule haukukatazwa, huu nao usikatazwe. Sisi tunaona kipimo hiki kina upande wa haki na upande wa udhaifu, na haifai kukipitisha chote wala kukitupa chote.

Udhaifu wake ni huu. Mzabibu haukuzibwa kwa sababu matumizi yake ya kawaida ni halali, na mvinyo ni jambo la pembeni. Beldiya ya Ketama kwa karne zake zote ilipandwa kwa ajili ya kif, na toka miaka ya 1960 kwa ajili ya hashishi. Nyuzi na mafuta ya mbegu ndizo zilizokuwa za pembeni. Hukumu hufuata ghalibu, si nadra. Mkulima anayejua kwamba mzigo wake unakwenda kwa msafirishaji hawezi kujificha nyuma ya mzabibu. Yeye anafanana na mtu anayemwuzia zabibu mtengeneza mvinyo ambaye kazi yake inajulikana mtaa mzima. Katika hilo Wamaliki na Wahanbali wamekataza mauzo hayo, Washafii wamesema ni haramu ikiwa anajua au anadhani kwa nguvu, na hata Abu Hanifa, aliyesahihisha mkataba wa kumwuzia mtu maji ya zabibu, hakufanya hilo kuwa ruhusa ya kunywa mvinyo.

Upande wake wa haki ni kwamba ghalibu si jiwe. Matumizi ya kitu yakigeuka, na yakawekewa mlinzi, hukumu ya njia nayo hugeuka pamoja na makusudio. Chini ya sheria ya 13-21 mkulima lazima awe katika chama cha ushirika, apewe kibali, atumie mbegu iliyoidhinishwa na wakala wa serikali uitwao ANRAC, na mavuno yake yote yaende kwa kampuni yenye leseni. Mavuno ya kwanza ya halali, ya mwaka 2023, yalikuwa tani 294, na mbegu zilikuwa za kutoka nje. Mwaka 2024 ndipo wakala huo ulipoanza kuiruhusu beldiya yenyewe. Shamba la namna hiyo, mwenye kulilima akiwa mkweli, limetoka katika mfano wa mtengeneza mvinyo na kuingia katika mfano wa mtengeneza siki.

Kwa hiyo tunavyoona sisi ni kwamba kuihifadhi mbegu hiyo, na kuilima kwa kiasi kinachohitajika kuihifadhi, ni jambo linalojuzu kwa masharti: kusudio liwe ni manufaa halali yanayojulikana, si manufaa ya kubuni, maua na utomvu usitoke nje ya njia iliyoruhusiwa, na kinachozidi kiteketezwe, na mwenye mamlaka awe ameruhusu. Sharti hili la mwisho si la kupambia maneno. Fuqahaa wamekubali kwamba amri ya mtawala katika jambo la ijtihadi, ikiwa ni kwa maslahi ya watu, huondoa khitilafu kwa wale walio chini yake. Anayelima kwa siri kwa hoja ya kwamba "tunahifadhi urithi" amepoteza sharti la tatu, na kwa kawaida la pili pia.

Na wapo watakaouliza kama kuna thawabu katika kuokoa mbegu ya mmea huu, wakitaja hadithi ya Anas (r.a.) inayomwelekeza mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama. Hadithi hiyo imepokewa na Ahmad na Al-Bukhari katika Al-Adab al-Mufrad, na inahusu kheri ya kupanda kwa jumla. Kuitumia kwa mmea ambao ghalibu yake ilikuwa fasadi ni kuinyosha kupita kiasi. Tosheka na kusema yajuzu. Si kila kinachojuzu ni ibada.

MALI YA KIF NA NYUMBA YA ALLAH

Liko jambo lingine ambalo imamu wa kijiji cha Rif hawezi kulikwepa, wala imamu wa popote penye biashara chafu. Watu wa kijiji wamejenga msikiti kwa fedha za kif. Mkulima sasa ametubu na kuingia katika ushirika. Afanye nini na mali ya zamani?

Imamu Al-Ghazali katika Ihya, kwenye kitabu cha halali na haramu, amefafanua kwamba mwenye mali ya haramu asiyeweza kuirudisha kwa mwenyewe huitoa katika maslahi ya Waislamu, kwa nia ya kujivua nayo, si kwa nia ya kupata thawabu ya sadaka. Kwa msingi huo msikiti haubomolewi na sala ndani yake inasihi. Pia si haki kumwambia maskini aliyetubu ajitie njaa yeye na watoto wake. Wapo wanazuoni waliomruhusu abakishe kiasi cha kumwezesha kuanza kazi ya halali ikiwa hana kitu kingine. Imamu awe mpole hapa. Milima ile haioti ngano ya kutosha kulisha nyumba.

KWETU AFRIKA MASHARIKI

Yote tuliyoyasema hayamruhusu Muislamu wa Tanzania au Kenya kupanda hata mche mmoja. Kenya inayo sheria ya madawa ya kulevya ya mwaka 1994, Tanzania inayo ya mwaka 2015, na zote zinakataza kilimo cha bangi. Ruhusa ya mtawala wa Moroko haivuki mpaka. Uamuzi wa Tume ya Umoja wa Mataifa wa Desemba 2020, ulioiondoa bangi katika jedwali la madawa hatari zaidi la mkataba wa 1961, nao haukuihalalisha. Ulikubali tu kwamba ina manufaa ya tiba, na mmea ukabaki chini ya udhibiti wa mkataba ule ule. Mwanafunzi anayesoma makala haya asiyachukue vipande.

MASUALA YALIYOBAKI

Limebaki suali moja ambalo tunaona litawashughulisha makadhi wa Rif kuliko hilo la uhalali. Mkulima wa beldiya mwenye kibali yuko bondeni; juu yake yupo jirani anayelima khardala kwa siri. Upepo unashuka, chavua inaingia, mbegu iliyotunzwa kwa vizazi inaharibika kwa msimu mmoja. Je, jirani adhamini?

Fuqahaa hawakuandika juu ya chavua ya bangi, lakini waliandika juu ya moto. Ibn Qudama katika Al-Mughni anajadili mtu aliyewasha moto katika ardhi yake, cheche zikaruka na kuunguza mali ya jirani. Akiwa amewasha kama ilivyo ada, bila kuvuka mpaka wala kuzembea, hana dhamana. Akiwa amezembea, kama kuwasha siku ya upepo mkali au kuwasha moto mkubwa kupita haja, atadhamini. Kwa kipimo hicho, mwenye chotara asiye na kibali ameanza na kosa kabla upepo haujavuma, na hoja ya ada hana, kwa hiyo dhamana yake iko wazi zaidi. Lakini ikiwa wote wawili wana vibali, mmoja wa beldiya na mwingine wa mbegu ya nje, na wakala ndiye aliyewaweka karibu, hapo suali linahamia kwa wakala: aliwapangia umbali gani baina ya shamba na shamba? Wallahu a'lam.